Bustani, miti na ndege wa nyumba ya kijijini Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeulizwa na majirani, na ndugu wanaokuja likizo kutoka Dar, na watu wanaojenga huku kwetu upande wa Mikindani. Nyumba yetu iko kijijini, nyuma kuna mikorosho, pembeni minazi michache, mbele ya baraza mwembe mmoja mkubwa, na kuna kona moja ya uwanja ambayo hatuifagii kabisa. Hiyo kona utakutana nayo sana humu ndani kwa sababu mambo mengi yanarudi hapo hapo.

## Ya kuanzia

Nifanye nini ili ndege waje kwangu?

Punguza kufagia. Najua mtu anashangaa, alitegemea nimwambie anunue kitu. Lakini sisi huku uwanja unafagiwa alfajiri kwa ufagio wa chelewa mpaka mchanga unabaki na mistari, jani likidondoka linaokotwa, majani yote yanarundikwa yanachomwa moto, na baada ya hapo tunauliza mbona ndege hawashuki. Washuke wale nini? Chini ya majani makavu ndo kuna mchwa, jongoo, buibui na viwavi, na karibu ndege wote, hata wale wanaokula mbegu, makinda yao wanawalisha wadudu.

Sisemi uwanja uwe jalala. Mbele ya baraza fagia kama kawaida, wageni wanakuja. Chagua kona moja mbali na nyumba, kama hatua 20 hivi, majani yaanguke yakae hapo, nyasi ziote, vichaka viachwe. Sisi tulianza hivyo bila kupanga, mama aliumwa mgongo akaacha kufagia nyuma kwa miezi kama mitatu, na mvua zilipoanza tukaona pugi, wale njiwa wadogo wa porini, wanatembea pale chini wawili wawili, kitu ambacho hatukuwahi kukiona kwetu.

Niweke maji? Si yataleta mbu?

Weka, hasa kiangazi. Huku kusini mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba zinaisha Aprili au Mei, na baada ya hapo ni ukame mrefu, ikifika Septemba hata madimbwi ya bondeni yamekauka. Beseni la maji wakati huo linaita ndege kuliko chakula chochote.

Liwe na kina kifupi, kama vidole viwili tu, na katikati weka jiwe wakanyage maana ndege mdogo anaogopa kuzama. Liweke karibu na kichaka wapate pa kukimbilia lakini si ndani ya kichaka, paka anajificha humo. Kuhusu mbu, yai la mbu mpaka awe mbu kamili anaruka inachukua kama wiki moja na kidogo, kwahiyo ukimwaga maji na kusugua beseni kila baada ya siku mbili hamna mbu atakayezaliwa hapo.

Niwalishe nini?

Chenga za mchele, mtama, ulezi, papai lililoiva, ndizi iliyolainika. Machicha ya nazi pia wanapenda ila toa kidogo na yaliyobaki jioni yatupe, yanachacha haraka na joto letu. Usiwape mabaki yenye chumvi wala mafuta ya kukaangia. Na kulisha si lazima kabisa, ukiwa na maji, miti ya matunda na kona isiyofagiwa wanajilisha wenyewe.

Hawa ninaowaona kila siku ni ndege gani?

Wengi ni hawa. Yule wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anaanza kupiga kelele kabla hata ya jua, ni shorewanda. Wale wanaotembea chini taratibu na kulia kwenye mti mchana wa joto ni tetere. Chozi ndo yule mdogo kuliko wote mwenye mdomo mwembamba uliopinda, dume lake linang'aa juani kama petroli iliyomwagika kwenye maji, anafyonza asali ya maua, kwahiyo mtafute kwenye maua ya mgomba, mshubiri na haibiskasi. Minana ni wale wa manjano wanaosuka viota vya kuning'inia (wana swali lao huko chini). Keremkerem ni wa kijani mwenye mkia uliochongoka, anakaa kwenye waya anachomoka kudaka nyuki na kurudi pale pale. Mwewe yuko angani kila siku na mkia wake wa panda, kila mwenye vifaranga anamjua.

Kama unataka kuwaona vizuri tafuta darubini, ya mtumba inatosha kabisa, ila kiti kwenye baraza saa kumi na mbili asubuhi ndo muhimu zaidi. Saa nne wengi washanyamaza.

Chozi amejenga karibu na mlango, nimwache?

Mwache jamani, ni bahati. Kwetu alijenga kwenye ncha ya kamba ya kuanikia nguo, pale ilipofungwa kwenye nguzo ya baraza. Mwanzo tulidhani ni takataka imenasa, kifuko cha majani makavu na magamba ya mti, vyote vimeshikizwa na utando wa buibui, na juu ya tundu la kuingilia kuna kama kibaraza kidogo kinazuia mvua. Jike lilikuwa linakuja na utando mdomoni linauzungusha kwenye kamba, linakandamiza kwa kifua, linaondoka, linarudi, siku nzima. Kuanzia kutaga mpaka makinda kuruka inafika kama mwezi hivi. Mwezi huo khanga zilianikwa upande wa pili, hakuna aliyelalamika.

## Miti

Nipande miti gani?

Inategemea una subira kiasi gani. Mpapai ndani ya mwaka unazaa na ndege wanakuja. Mpera na mtopetope inachukua miaka michache. Mzambarau ukikua unajaa ndege msimu mzima ila matunda yake yanatia madoa ya zambarau kwenye ukuta, kwenye gari na kwenye nguo, upande mbali. Mwarobaini unavumilia ukame, kivuli kizuri, na shorewanda anakula matunda yake. Mkuyu ndo mfalme kwa upande wa ndege, ukizaa unakuta aina saba nane juu ya mti mmoja, lakini mizizi yake ina nguvu sana, huo ni wa mwisho wa shamba. Kwenye uzio badala ya fensi tupu weka mchongoma, una miiba ndege wanajenga salama na watoto wanakula matunda.

Ila kabla hujapanda angalia una nini tayari. Watu wananunua kiwanja chenye mikwaju, mibuyu na miembe ya zamani, wanaingiza greda linasafisha kila kitu, wanapanda nyasi za Dar na miti ya mapambo mistari miwili. Inaniuma sana hii. Mwembe aliopanda babu wa mtu hauwezi kuurudisha ukiwa hai wewe.

Miti na majani si vitaleta nyoka?

Hili naulizwa kuliko yote, na ni woga wa haki, nyoka wapo. Nyoka anafuata panya na vyura, na panya anafuata chakula chako, kwahiyo anza na ghala, mahindi na muhogo mkavu uhifadhi vizuri, takataka za jikoni zisikae nje. Kuzunguka nyumba acha mita kadhaa pawe wazi pamefagiwa, matawi yasiguse bati, kuni zisiegemezwe ukutani. Kona ya majani iwe mbali kama nilivyosema kwenye swali la kwanza.

Na ndege wenyewe ni walinzi. Shorewanda wakimwona nyoka wanakusanyika juu yake wanapiga kelele kali za haraka haraka, hawaachi, na ndege wengine wanajiunga. Ukishazoea kelele hiyo unaitambua hata ukiwa jikoni. Mdogo wangu ilimsaidia, alikuwa anaenda kuchuma ndimu, akasikia zile kelele kwenye mdimu akasimama, akamwona kijani amejinyoosha kwenye tawi usawa wa uso.

Mti mkubwa uwe umbali gani na nyumba?

Kwa mwembe au mkungu, mita 10 usipungue, mkuyu mbali zaidi. Pwani yetu watu wanasahau upepo. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, Aprili 2019 Kenneth kilipita jirani hapa Msumbiji huku Mtwara watu wakahamishwa kwa tahadhari, na Mei 2024 Hidaya ikaja, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga. Kwahiyo matawi makavu yaliyo juu ya bati yatoe kila mwaka kabla ya mvua. Mnazi ulioinama kuelekea nyumba mimi ningeukata, napenda miti ila paa ni paa.

Mti umekufa umesimama, niung'oe?

Kama ukianguka hautafikia nyumba, njia wala mtu, uache. Mti mkavu wenye mashimo ni nyumba ya kupanga, kigong'ota anachonga, akihama wanaingia wengine.

Tena kuna hondohondo. Jike linaingia kwenye shimo la mti, mlango unazibwa kwa udongo na kinyesi mpaka ubaki ufa mwembamba, linakaa humo ndani linaatamia, na dume linaleta matunda linayapitisha kwenye ule ufa, wiki na wiki. Dume likifa au likipigwa manati, familia nzima iko matatani ndani ya mti. Na shimo la ukubwa huo halipatikani kwenye mti mchanga, linataka mti mzee. Ndo maana misitu kama Rondo kule Lindi ina thamani hivyo, kule kuna ndege wa kijani mdomo mnene, jamii ya zuwakulu, ambaye aina yake ile inajulikana Rondo na msitu mmoja wa Afrika Kusini, basi.

Mikorosho inapulizwa salfa karibu na nyumba, ndege wanaathirika?

Kuanzia Juni hivi mikorosho ikianza kutoa maua watu wanapuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hilo haliepukiki, korosho ndo maisha yetu. Salfa ni ya kuua ukungu. Vumbi lake linawasha macho, yetu na yao, kwahiyo siku ya kupuliza funika beseni la maji au limwage, na ukimaliza lioshe kabla ya kujaza tena.

Mimi naogopa zaidi dawa za wadudu zinazopulizwa ovyo, zile za mbu wa mikorosho (mdudu anayenyonya machipukizi, si mbu wa kuuma watu). Zinaua mpaka nyuki anayechavusha maua, na zinaua viwavi ambavyo ndege wangewalisha makinda. Tumia pale tu ulipoona wadudu wenyewe, kwa kipimo cha bwana shamba. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wako hapa hapa Mtwara na korosho ndo kazi yao, kawaulize.

Maji moto wamejaa kwenye mti wangu, niwachome?

Usiwachome! Wanauma kweli, ukipanda kuchuma embe utajuta, lakini hao siafu wekundu wa mitini wanawinda mbu wa mikorosho na wadudu wengine wanaonyonya machipukizi na nazi changa. Hebu siku moja waangalie wakijenga. Wanajipanga mstari pembeni ya jani, wanavuta jani la pili mpaka yakutane, halafu wengine wanakuja wamebeba watoto wao mdomoni, wale mabuu, wanawagusisha huku na huku, na mabuu wanatoa uzi unaoshona majani. Ukitaka kuchuma paka majivu mikononi na miguuni na ufanye haraka.

Naweza kupanda mpingo nyumbani?

Unaweza ila unapandia wajukuu, unachukua miaka 70 na zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa. Wamakonde wanachonga vinyago vyake na Ulaya wanatengenezea klarineti, watu wanavuna tu kila siku, kwahiyo ukipanda hata mitatu umefanya jambo.

## Kero na wasiwasi

Minana wamechana majani ya mnazi wangu yote. Mnazi utakufa?

Mara nyingi haufi, unachoka tu. Wanachana majani kuwa nyuzi za kusukia, na kama kundi ni kubwa kwenye mnazi mmoja mazao yanashuka. Dume ndo fundi. Anaanza na kitanzi kimoja, anasimama ndani yake, anasuka kuzunguka mwili wake, akimaliza anajining'iniza chini ya kiota anapigapiga mabawa kumwita jike. Jike anaingia, anavuta nyuzi kukagua, asiporidhika anaondoka, na kiota kikishakauka rangi bila mpangaji dume anakivunja mwenyewe anaanza upya. Vile viota unavyookota chini si lazima viwe vimeangushwa na upepo.

Kama kweli wanakusumbua subiri wamalize kuzaa, mvua zikiisha, ndo utoe viota vitupu. Usikate tawi lenye makinda.

Kunguru wamekuwa wengi na ndege wadogo wamepungua, kuna uhusiano?

Upo. Kunguru mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu, aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, akasambaa pwani nzima. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vyako pia. Yule mwenye kifua cheupe ni wa asili, usiwachanganye.

Kunguru wa kijivu anaishi kwa takataka zetu. Funika shimo la taka, utumbo wa samaki ufukie usitupe ufukweni, kiota chake ukikiona mapema kiondoe. Sumu usitege mwenyewe, atakufa mwewe, paka, mbwa wa jirani, na kunguru watabaki.

Ndege wanamaliza papai na mchicha, nifanyeje?

Papai likianza rangi livishe mfuko wa kiroba au lichume liive ndani, yale ya juu kabisa waachie. Wale wenye mkia mrefu kama wa panya, kuzumburu, wanakuja kundi zima wanachimba papai moja mpaka liwe kikombe. Kwa mchicha mchanga tandika matawi ya miiba wiki mbili za mwanzo. Chandarua kilichochakaa kikitumika kivute kikaze kwenye miti pande zote, kikilegea ndege wananasa miguu wanakufa humo na jua, nimewahi kumtoa pugi mmoja kwa mkasi na hakupona.

Bundi analia juu ya bati, kuna msiba?

Najua tumelelewa hivyo, na sauti yake kama sanda inapasuliwa haisaidii. Lakini amekuja kwa sababu una panya. Angalia chini ya mahali anapokaa utakuta vidonge vya kijivu vya manyoya, vipasue kwa kijiti, ndani utakuta mifupa na mafuvu madogo ya panya, maana anameza mzima halafu anatapika asichoweza kusaga. Mimi niliwaonyesha watoto wa kwetu, tukahesabu mafuvu, tangu siku hiyo hakuna anayemrushia mawe. Bundi mmoja analinda muhogo wako kuliko sumu ya dukani.

Dudumizi akilia mvua inakuja kweli?

Analia sana unyevu ukizidi hewani na msimu wake wa kuzaa ni wa mvua, kwahiyo wazee hawakukosea kumsikiliza. Sauti yake inashuka du-du-du-du kama maji yanamiminwa kwenye chupa ya shingo nyembamba. Mimi nikimsikia Novemba naanza kuangalia gata kama zimeziba.

Nimeokota kinda chini, nimlee?

Kama ana manyoya na anarukaruka, anajifunza kuruka tu, mweke kwenye kichaka juu juu na uondoke, wazazi wako jirani wanakungoja utoke. Kama yuko uchi mrudishe kwenye kiota. Ile habari kwamba mama atamkataa ukimshika si kweli, ndege wengi hawajali harufu ya mkono wako.

Watoto wanapiga ndege manati na kutega ulimbo, niwaambieje?

Ukiwagombeza wataenda kufanyia mbali. Kwetu tuliwapa darubini na kazi ya kubadilisha maji ya beseni, ikawa wao ndo wanafukuza wenzao. Ulimbo ni mbaya kuliko manati, ndege anakaa amegandia kwenye kijiti anapigapiga mabawa mpaka manyoya yanang'oka. Na kwa mtu mzima ni kosa, sheria ya wanyamapori ya 2009 inakataza kukamata au kuua wanyama pori bila kibali, ndege wamo.

## Mambo ya pembeni

Ndege anagonga saitimira ya gari kila asubuhi, ana nini?

Anajiona mwenyewe anadhani ni mpinzani ameingia eneo lake. Vika saitimira soksi. Kwa kioo cha dirisha funga pazia.

Usiku kuna kitu kinalia kama mtoto juu ya mwembe, ni nini?

Komba. Mnyama mdogo mwenye macho makubwa, ukimulika tochi macho yanawaka, anakula matunda na utomvu, na kama una minazi inayogemwa pombe ya mnazi, komba anaijua. Hana madhara. Mchana ukisikia kilio cha mtoto kutoka mitini huyo ni hondohondo, soma swali la mti uliokufa.

Mbayuwayu walikuwa wengi kwenye nyaya, wameenda wapi?

Kama ni Aprili wameondoka kwenda Ulaya na Asia kuzaa. Wanarudi Oktoba, Novemba. Kuna jamii za keremkerem wanafanya hivyo hivyo.

Naishi Dar, nyumbani naenda Desemba tu. Kuna haja ya kuhangaika?

Desemba ndo umepata, mvua zimeanza, minana wanasuka, maembe yameiva, dudumizi anaita kutwa. Panda miche ya miti siku ya kwanza ukifika ili ipate mvua zote mpaka Aprili, izungushie miiba mbuzi wasifike, na kabla hujapanda basi kurudi ongea na anayekutunzia nyumba. Mwambie kona ya nyuma asiifagie na majani asiyachome, mwambie kwa mdomo ukiwa umesimama naye hapo hapo, kwa sababu usipomwambia, kwa heshima yako, kabla hujarudi tena atakuwa ameisafisha yote.